"Za Zamani", "za Kisasa" na "za Asili": Uhakiki wa Maneno ya Onyesho la Muziki wa Sikukuu

Miongoni mwa maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyachunguza ni haya mawili: zamani na kisasa. Katika mazungumzo ya kawaida hayana dhara lolote, kwa kuwa wasemaji wanajuana, na kila mmoja hufahamu mwenziwe anakusudia wakati gani. Taabu huanza pale yanapopewa kazi ya istilahi, yaani yanapotakiwa kumbainishia aina ya kitu mtu asiyekijua kitu chenyewe. Hapo aghalabu hushindwa, na kushindwa kwake hakuonekani upesi, maana kila msikilizaji huondoka na maana yake mwenyewe akiamini kuwa ameelewa. Makala haya yanachunguza jinsi yalivyoshindwa, pamoja na mwenzao wa tatu, asili, katika onyesho moja la muziki wa Krismasi ambalo lilikuwa zuri kuliko maneno yaliyolitambulisha.

Onyesho hilo lilifanywa na kwaya mbili katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje. Wilaya hiyo imo katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ni nchi ya vilima ambayo mwezi Desemba huwa ya mvua, matope na ukungu. Inapakana na Malawi, na mto Songwe ndio mpaka; lakini nyimbo huvuka mto kama watu wavukavyo. Mtu wa Ileje husikia nyimbo za Wamoravian zilizotoka Rungwe, Mbozi na Isoko, husikia zile zilizopandwa upande wa pili na misheni ya Waskoti ya Livingstonia, na husikia pia kila kinachopigwa katika vibanda vya Tunduma, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huleta muziki wa kila namna kutoka Zambia na kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo hadhira ya Ikinga si hadhira isiyojua muziki. Ilistahili kuambiwa kwa usahihi ilichokuwa ikisikiliza.

Waandaaji walikusudia jambo ambalo hata katika miji mikubwa halifanywi mara nyingi: kuuweka muziki mkongwe wa kanisa la Ulaya bega kwa bega na muziki uliotungwa karibuni, ili kila mmoja uumulike mwenziwe. Nia hiyo ilionekana wazi katika mpangilio wa nyimbo zenyewe. Haikuonekana hata kidogo katika karatasi ya ratiba, wala katika kinywa cha mshereheshaji. Ratiba iligawanywa chini ya vichwa vitatu: nyimbo za zamani, nyimbo za kisasa na nyimbo za asili.

Tuangalie vilivyowekwa chini ya kila kichwa. Katika za zamani mlikuwamo wimbo wa majilio unaotokana na utenzi wa Kilatini wa Ambrosi wa Milano, aliyefariki mwaka 397, ambao Martin Luther aliufasiri kwa Kijerumani na kuutoa mwaka 1524. Ulifuatiwa na wimbo wa Kijerumani wa waridi lililochipua, kwa mpango wa sauti nne uliotengenezwa na Michael Praetorius mwaka 1609, kisha "Usiku Mtakatifu", ambao ni wa mwaka 1818. Katika za kisasa tulikuta "Haleluya" ya Handel, iliyotungwa mwaka 1741, na wimbo mpya wa Kiswahili wa mwalimu wa kwaya mwenyewe. Katika za asili ulikuwamo wimbo mmoja wa Kindali wenye ngoma, ambao kiongozi wake alieleza kwa fahari kuwa ulitungwa katika majilio ya mwaka uliotangulia.

Msomaji ameshaona. Wimbo wa mwaka 1818 umekuwa wa zamani, na wa mwaka 1741 umekuwa wa kisasa. Na wimbo mpya kabisa kuliko wote walioletewa wasikilizaji siku hiyo umetolewa nje ya hesabu ya miaka ukaitwa wa asili.

Naomba nisieleweke kuwa nawacheka waandaaji. Walitumia maneno ambayo lugha imewapa, na sisi ambao kazi yetu ni istilahi hatukuwapa mengine. Tena upangaji wao ulikuwa na mantiki yake. "Haleluya" iliitwa ya kisasa kwa sababu ilisindikizwa na kinanda cha umeme chenye mapigo yaliyowekwa ndani yake. "Usiku Mtakatifu" uliitwa wa zamani kwa sababu bibi zetu waliuimba. Na wimbo wa Kindali uliitwa wa asili kwa sababu ya lugha na ngoma. Kila neno lilipima kitu tofauti. La kwanza lilipima kumbukumbu ya msikilizaji, la pili chombo cha muziki, la tatu kabila la mwimbaji. Hakuna hata moja lililopima muziki wenyewe. (Kuhusu vyombo, inafaa ikumbukwe kwamba "Usiku Mtakatifu" ulipoimbwa mara ya kwanza katika kijiji cha Oberndorf nchini Austria, ulisindikizwa kwa gitaa. Wale wanaodhani kwamba gitaa kanisani ni uzushi wa kizazi hiki wana la kujifunza hapo.)

Madhara yalionekana papo hapo. Mshereheshaji alipotangaza kwamba sasa zinaanza nyimbo za zamani, wazee walifungua vitabu vyao vya nyimbo na vijana kadhaa wakatoka nje. Kisha ukaanza ule wa Ambrosi: sauti moja tu, bila kinanda, bila pigo la kuhesabika, mistari ikipanda na kushuka kwa kufuata maneno. Wazee hawakuutambua. Walikuwa wameahidiwa walichokizoea, wakapewa kitu ambacho kwao kilikuwa kigeni kuliko chochote kilichofuata. Na wale vijana, ambao huenda wangevutiwa na ugeni huo, walikuwa uani wakingoja za kisasa. Neno moja lisilofaa lilikuwa limegawanya hadhira vibaya kabla ya noti ya kwanza kusikika.

Zamani ni neno la masimulizi. Hueleza umbali wa wakati kutoka kwa msemaji, na umbali huo hubadilika kwa kila msemaji. Mzee wa miaka 80 na mjukuu wake hawana zamani moja. Neno kale limetulia zaidi, kwa kuwa halitegemei sana kumbukumbu ya mtu, na ndiyo sababu twasema mambo kale na watu wa kale hata kwa vitu ambavyo hakuna aliye hai aliyeviona. Kwa upande wa kisasa hali ni mbaya zaidi, kwani neno lolote lililofungwa kwenye "sasa" au "leo" huzeeka huku jina likiendelea kudai ujana. Gazeti lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923 liliitwa Mambo Leo. Anayelisoma sasa hulisoma kama hazina ya historia. Nao "ukoloni mamboleo", uliokuwa jambo la leo katika miaka ya 1960, umo vitabuni kwa zaidi ya nusu karne na bado ni wa mambo ya leo.

Kwa muziki wa pwani tumekwisha kulipa gharama ya jambo hili. Twasema taarabu asilia tukikusudia taarabu ya vikundi vikubwa vyenye fidla, kanuni na udi, na twaipambanua na taarabu ya kisasa ya vinanda vya umeme. Lakini Ikhwani Safaa ilipoanzishwa Unguja mwaka 1905 kwa kufuata mtindo wa Misri, hapakuwa na kitu kipya kuliko hicho katika kisiwa kizima. Leo ndicho asilia. Wakati huo huo, wapenzi wa muziki wa dansi, bila baraza wala kamati, walijiundia neno zilipendwa. Hili nalitaja kwa heshima. Ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa jina la aina ya muziki. Hakisemi wimbo una umri gani, husema uhusiano wake na wasikilizaji ulikuwaje. Kwa kazi yake ni istilahi bora kuliko nyingi zilizotoka katika ofisi zetu.

Lakini neno lenye madhara makubwa zaidi katika ratiba ya Ikinga lilikuwa la tatu. Asili ni mwanzo, chimbuko, kitu ambacho kabla yake hakukuwa na kingine. Tukiita wimbo wa asili tunasema kwamba haukutungwa, ulikuwapo tu. Sasa tazama yaliyotokea katika karatasi ile. Mbele ya "Haleluya" liliandikwa jina la Handel, na mbele ya waridi jina la Praetorius. Mbele ya wimbo wa Kindali palikuwa patupu, ingawa mtunzi wake, mama wa makamo, alikuwa amesimama katika safu ya sauti ya pili mbele ya macho yetu sote. Hakunyimwa jina lake kwa chuki. Alinyimwa na neno asili, ambalo halina nafasi ya mtunzi.

Hili si suala la adabu peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi wa kazi ya muziki, na inayo sehemu nyingine mbali inayohusu sanaa za jadi, ambazo ni za jamii na si za mtu mmoja. Wimbo ukiandikwa katika ratiba, katika kaseti na katika orodha za redio kuwa ni wa asili, njia inayoufuata ni ile ya pili. Siku utakaporekodiwa na mwingine, yule mama atakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba kitu kinachoitwa cha asili kilitoka kichwani mwake mwaka juzi.

Wala kosa hili halikuanzia Ikinga. Kando ya Ziwa Nyasa, upande wetu na upande wa Malawi, iko ngoma ya mganda, ambayo Wamalawi wengi huiita malipenga. Wachezaji hupanga safu kama askari na hupuliza vibuyu vilivyotengenezwa vitoe sauti ya tarumbeta. Ngoma hiyo ilitokana na bendi za kijeshi, na ilienea kwa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Katika maonyesho ya kitaifa huwekwa miongoni mwa ngoma za asili. Yaani watu walioyasikia matarumbeta ya mkoloni, wakayageuza kwa vibuyu na kwa dhihaka kuwa sanaa yao wenyewe, wamesifiwa kwa kila kitu isipokuwa ubunifu wao. Neno asili limewaondolea tarehe, na kwa kuwaondolea tarehe limewaondolea akili.

Nigeukie sasa muziki, kwa kuwa uhakiki wa maneno pasipo kusikiliza ni kazi nusu. Sehemu iliyokuwa bora katika onyesho lote ni ile ambayo ratiba iliificha. Baada ya wimbo wa Ambrosi kuimbwa beti mbili, kwaya haikusubiri makofi. Sauti ya kiongozi wa wimbo wa Kindali iliingia pale pale ilipoishia sauti ya mwisho, kwaya ikaitikia, na ngoma ikaja baadaye taratibu. Kwa muda mfupi hakuna aliyejua wimbo wa kwanza umekwisha wapi na wa pili umeanzia wapi. Zaidi ya karne 16 zilikuwa zimeunganishwa bila mshono. Kisha mshereheshaji, akiwa na ratiba mkononi, akakatiza ili kutueleza kwamba za asili zilikuwa bado, na kwamba huu ulikuwa utangulizi tu.

Mwunganiko ule haukuwa wa bahati, nao una historia katika nyanda hizi. Traugott Bachmann, mmisionari wa Kimoravian aliyeanzisha kituo cha Mbozi mwaka 1899, aliwaachia Wakristo wa Kinyiha waimbe kanisani kwa tuni zao wenyewe, wakati ambapo wenzake wengi waliona ngoma na upagani kuwa kitu kimoja. Katika miaka ya 1930 akaja mwingine, Franz Rietzsch, aliyekuwa mwanamuziki. Huyu alisikiliza kwa makini uimbaji wa watu wa huku, na mwaka 1935 akachapisha maandishi yake kuhusu sauti za Kiafrika. Hoja yake ilikuwa kwamba tuni za Kijerumani za karne ya 18 na ya 19, zenye nusu sauti zinazovuta kuelekea sauti kuu na zenye mapigo yaliyofungwa, haziafikiani na sikio la watu hawa. Bali tuni za kale za kanisa la Ulaya, za kabla ya mtindo huo, zinaafikiana nalo. Kwa maneno mengine, alidai kwamba kilicho kikongwe zaidi cha Ulaya ndicho kilicho jirani zaidi na uimbaji wa Kinyiha.

Hoja hiyo ina hatari yake, na sitaki nipite bila kuitaja. Ni rahisi kutoka hapo hadi kusema kwamba Mwafrika wa 1935 alikuwa Mzungu wa mwaka 1200, aliyechelewa njiani. Wako waliosema hivyo, na ndiyo maana ujirani wa namna mbili za muziki haufai kuelezwa kwa maneno ya umri. Mbili hizi zinakaribiana kwa ujenzi. Zote mbili huanzia kwenye sauti moja au kwenye kiongozi na waitikiaji, na zote huacha maneno yaongoze tuni.

Na kwa sisi watu wa lugha, jambo hilo la mwisho ndilo kubwa. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno kama Mwokozi hubeba mkazo kwenye "ko", neno furaha kwenye "ra". Mfasiri akiliweka neno la silabi tatu mwanzoni mwa mstari ambao tuni yake huanza kwa pigo zito, silabi isiyo na mkazo ndiyo itakayobeba uzito wote, na mwimbaji atalazimika kutamka neno kama asivyolitamka nyumbani kwake. Vitabu vyetu vya nyimbo vimejaa mikwaruzo hii, na tumeizoea hata hatuisikii. Kwa lugha yenye toni kama Kinyiha mkwaruzo huwa mkubwa zaidi, kwa sababu hapo tuni ikipanda panapotakiwa kushuka huweza kuvuruga maana pia, siyo matamshi tu. (Kinyakyusa, jirani yake, kimekwisha kupoteza toni, na kwa hiyo husumbuka kidogo.) Tuni ya kale isiyo na pigo la kuhesabika haimlazimishi mfasiri kwa namna hiyo. Hunyoosha silabi inayostahili kunyooshwa. Nilipousikiliza wimbo wa Ambrosi kwa Kiswahili pale Ikinga, hakuna neno hata moja lililovunjwa. "Usiku Mtakatifu", tunaoupenda sote, hauwezi kudai hivyo.

Waliokuja baadaye Ulaya nao walirudi kwenye kisima hicho hicho. Mwingereza Benjamin Britten alitunga mwaka 1942 mfululizo wa nyimbo za Krismasi kwa sauti za watoto na kinubi, akautanguliza kwa wimbo wa kale wa Kilatini usio na sindikizo lolote. Arvo Pärt wa Estonia, baada ya miaka kadhaa ya kujifunza nyimbo za kale za kanisa, alitokea mwaka 1976 na namna mpya ya kutunga iliyojengwa juu ya ukimya na sauti chache. Hapa kwetu, Padre Stephen Mbunga aliandika mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea haki ya tuni za nyumbani, na alikuwa ameshatunga Misa kwa mtindo huo. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya wa Ikinga, aliyepanga Ambrosi na Kindali pamoja, hakuwa akichanganya vitu visivyooana. Alikuwa katika kundi zuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia wasikilizaji hivyo kwa Kiswahili chepesi.

Sehemu nyingine za onyesho nazipitia kwa haraka. Waridi la Praetorius liliimbwa kwa upole, sauti ya nne ikielemea kidogo. Wimbo mpya wa mwalimu una kiitikio kizuri na beti ndefu mno. "Haleluya" iliharibiwa na kinanda. Muziki huo umejengwa kwa sauti zinazokimbizana, moja ikitoa neno na nyingine ikilidaka, na mapigo ya mashine yaliyowekwa chini yake yalizifanya sauti zote ziende kama gwaride. Tena, kama ni Krismasi, yafaa ijulikane kwamba "Haleluya" haihusu kuzaliwa. Hufunga sehemu ya pili ya kazi nzima, ambayo ni ya mateso na ushindi, na ilisikika mara ya kwanza Dublin mwezi Aprili 1742. Mazoea ndiyo yaliyoileta Desemba. Sina ugomvi na mazoea hayo, ila yasiitwe ya kisasa.

Basi tuseme nini badala yake? Kwa muziki wa Ulaya ulio wa kabla ya mwaka 1750 hivi, napendekeza muziki mkongwe. Wenzangu wawili ofisini wamependelea muziki wa awali, kwa kuwa neno awali limezoeleka katika istilahi. Siliafiki, maana awali hutaka kuwe na kinachofuata ambacho ndicho kikamilifu, kama vile elimu ya awali, na muziki wa Praetorius haukuwa maandalizi ya kitu kingine. Mkongwe ni kitu kilichoishi muda mrefu na kingalipo, na ndivyo muziki huo ulivyo.

Kwa jumla ya mapokeo ya Ulaya ya muziki ulioandikwa, klasiki limekwisha kuingia redioni na mashuleni, na sioni sababu ya kulifukuza. Liko pendekezo kwamba tufuate wahakiki wa fasihi, ambao huuita ushairi mkongwe wa pwani ushairi wa kirasimi, tuseme muziki wa kirasimi. Pendekezo hilo lina heshima yake, lakini urasimi na urasimu vimetenganishwa na irabu moja tu. Mwananchi atakayeona tangazo la onyesho la muziki wa kirasimi mjini Itumba atadhani anaitwa kwenye kikao cha halmashauri. Klasiki libaki, kwa sharti moja: lisitumiwe kama sifa ya ubora. Si kila kilicho klasiki ni kizuri, na wimbo wa Kindali hauhitaji kuitwa klasiki ili uheshimiwe.

Kwa muziki wa watunzi wa karne ya 20 na ya 21, neno la wakati huu halifai kwa sababu nilizokwisha kuzitoa. Itajwe karne, au mwaka. Mshereheshaji anaweza kutamka mwaka. Si jambo gumu. "Wimbo huu ulitungwa mwaka jana" ni sentensi inayoeleweka Ikinga, Tunduma na popote. Ratiba ikiwa na safu tatu, jina la wimbo, mtunzi na mwaka, vile vichwa vitatu havitahitajika kabisa. Panapokosekana jina la mtunzi kwa sababu halijulikani, iandikwe kuwa mtunzi hajulikani, iwe ni kwa wimbo wa Ulaya wa karne ya 15 au kwa wimbo wa Kindali wa wakati wa babu zetu. Hapo wote wawili watakuwa wamepimwa kwa kipimo kimoja.

Asili liachiwe muziki ambao kweli hauna mtunzi anayekumbukwa, na hata hapo naona jadi ni neno bora zaidi, kwa kuwa jadi hukiri kwamba palikuwa na watu waliopokezana. Na wimbo kama ule wa yule mama, ambao ni mpya lakini umetumia namna ya uimbaji iliyopokewa? Huo ni wimbo wa Kindali, wa kiongozi na waitikiaji, kwa ngoma, uliotungwa na fulani, mwaka fulani. Maelezo hayo ni marefu kuliko neno moja. Lakini "Haleluya" nayo hutambulishwa kwa maelezo marefu na hatuoni uzito.

Liko tatizo ambalo sijalipatia dawa. Neno sauti limebebeshwa mizigo mingi mno katika muziki: ni sauti ya mtu, ni kila mlio, ni safu ya waimbaji kama sauti ya kwanza hadi ya nne, ni hatua katika ngazi ya muziki, na nusu yake ni nusu sauti. Kuimba kwa sauti moja ni kuimba tuni moja wote pamoja, lakini pia ni kukubaliana. Kwa safu za waimbaji huenda mstari lingefaa, ingawa wanakwaya wamezoea sauti na hawataliacha kwa amri. Kwa nusu sauti, walimu wengine husema nusu toni, na toni tumeshaipa kazi katika isimu, kama ilivyoonekana hapo juu nilipotaja Kinyiha. Kwa uimbaji ambao sauti hupokezana kama katika "Haleluya", wanakwaya wa Ileje husema kuwa zinakimbizana, na nimelitumia neno lao makusudi. Naliwasilisha lijadiliwe pamoja na mkongwe. Mstari na nusu sauti vitasubiri hadi tutakapopata maneno yanayotumiwa na walimu wa kwaya na wapiga tarumbeta wa Mbozi, Rungwe na Kyela, ambao wamekuwa wakiyataja mambo haya kwa namna zao tangu kabla ya ofisi yetu kuwapo. Wasomaji walio karibu nao wanaombwa watuandikie.